Mwulize Aijuaye Njia

Msomaji, umepata kusafiri kwenda mahali usipopajua? Kama umepata, yakumbuke maswali yaliyokusumbua usiku wa kuamkia safari. Nitapita wapi? Nitalala kwa nani? Maji ya huko ni ya kunywa au si ya kunywa? Bei watakayonitajia sokoni ndiyo bei, au ni bei ya mgeni? Ramani haiwezi kukujibu maswali haya. Ramani huonyesha mto, lakini haisemi kama mto huo huvukika wakati wa masika. Majibu yamo kichwani mwa mwenyeji, na shida ya msafiri tangu zamani imekuwa moja: mwenyeji gani aaminiwe, na aaminiwe katika jambo gani?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisema kweli, lakini kuuliza vibaya kwaweza kumpoteza mtu kuliko kutouliza. Katika insha hii nataka tufuatane na wasafiri wachache waliopita katika nchi hizi za Afrika Mashariki tangu mwaka 1331 mpaka mwaka 1875. Tutaona walimwuliza nani, waliuliza kwa namna gani, na walilipa nini walipokosea.

Wa kwanza ni Ibn Battuta, mwanachuoni wa mji wa Tangier katika Moroko. Mwaka 1331 chombo chake kilitia nanga Mogadishu. Kabla abiria hawajashuka, mashua ndogo zilitoka pwani zikiwa na vijana, na kila kijana alichukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani yake mfanyabiashara mmoja katika chombo, akasema, "Huyu ni mgeni wangu." Tangu hapo mfanyabiashara huyo hakufikia nyumba nyingine ila ya mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa zake na ndiye aliyemnunulia alichohitaji. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa si halali. Aliyeachiliwa kufikia apendapo ni yule tu aliyekwisha kuja mara nyingi, akawajua watu wa mji.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Vijana walipoambiwa kwamba ni mtu wa elimu, walisema kwamba ni mgeni wa kadhi.

Tazama hekima iliyomo katika desturi hiyo. Mgeni hakuachwa achague mshauri kwa bahati katika gati lililojaa kelele. Alipewa mtu mmoja mwenye jina, mwenye nyumba inayojulikana, ambaye jirani zake wangemwona akidanganya. Ushauri wake ulikuwa na dhamana. Na aliyejua zaidi alikabidhiwa anayehitaji kujua: mfanyabiashara kwa mtu wa biashara, mwanachuoni kwa kadhi. Mtu awezaye kukuelekeza sokoni huenda asiweze kukuelekeza msikitini, wala yule wa msikitini asijue bei ya vitambaa.

Miaka 167 baadaye alikuja msafiri wa namna nyingine. Vasco da Gama aliondoka Lisbon katika Ureno mwezi wa Julai 1497 akiwa na merikebu nne. Aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na Machi 1498 akafika Msumbiji. Hapo aliingia katika bahari asiyoijua yeye wala baharia wake yeyote. Lakini kwa wenyeji haikuwa bahari ngeni hata kidogo. Majahazi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili yalikuwa yamekwenda na kurudi humo kwa karne nyingi, yakifuata pepo mbili: kaskazi, iletayo vyombo pwani kwetu kutoka Arabuni na Bara Hindi tangu karibu na Desemba mpaka Machi, na kusi, ivirudishayo kuanzia Aprili. Da Gama alikuwa na mizinga, dira na ujasiri. Alichokosa ni rubani.

Marubani aliwapata Msumbiji, lakini urafiki na watu wa huko ukavunjika upesi, wakaachana kwa mapigano. Njiani rubani mmoja alisema kwamba visiwa fulani vilivyoonekana mbele ni bara. Ilipodhihirika kuwa ni visiwa, da Gama aliamuru apigwe mijeledi, na Wareno wakakipa kimoja cha visiwa hivyo jina la Kisiwa cha Aliyechapwa. Tarehe 7 Aprili 1498 walifika Mombasa. Siku chache baadaye, merikebu zilipokuwa zikijaribu kuingia bandarini, mbili ziligongana, na katika ghasia hiyo marubani wa Msumbiji walijitupa majini wakakimbia. Usiku ule da Gama aliwatesa watu wawili waliokuwa mikononi mwake kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini, ili aambiwe kama Mombasa imemfanyia njama. Waliungama kwamba ipo.

Pengine njama ilikuwapo kweli. Lakini, msomaji, jaribu kujiweka mahali pa watu wale wawili. Mtu anayeunguzwa husema neno litakaloondoa moto. Likiwa kweli, atalisema. Likiwa uongo, atalisema vilevile. Anayemtesa hawezi tena kupambanua. Ndivyo da Gama alivyojinyima mwenyewe kile alichokuwa akikitafuta. Alikuwa na wenyeji chomboni mwake, lakini hakuwa na ushauri.

Tarehe 14 Aprili alifika Malindi, na huko mambo yakawa mengine. Mfalme wa Malindi alikuwa hasimu wa Mombasa, akaona faida ya kupata rafiki mwenye mizinga. Zawadi zilipelekwa na kurudishwa, ngoma na baragumu zikapigwa. Hata hivyo da Gama hakuiacha kabisa desturi yake: rubani alipokawia, alimzuia chomboni mtu mmoja wa karibu na mfalme mpaka rubani akaletwa. Tarehe 24 Aprili waling'oa nanga, kusi ikawachukua, na tarehe 18 Mei wakaiona milima ya Bara Hindi. Siku mbili baadaye walitia nanga karibu na Calicut.

Rubani huyo alikuwa nani? Kwa muda mrefu vitabu vingi viliandika kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanachuoni mashuhuri wa mambo ya bahari, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba. Wataalamu wengi wa leo hawakubali. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja kuwa mtu wa Gujarat, wakamwita Malemo Cana. Na neno hilo "malemo" si jingine ila malimu wetu, yaani fundi wa kuongoza chombo. Mtu aliyewavusha Wareno bahari nzima ameachiwa katika historia cheo cha kazi yake tu.

Thamani ya malimu yule, na ya msimu alioufuata, ilionekana wakati wa kurudi. Da Gama aliondoka pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba 1498, kabla kaskazi haijasimama. Upepo ukawa ukimpiga usoni, au ukafa kabisa, na merikebu zikakaa juu ya maji kama zilizofungwa. Safari iliyochukua chini ya mwezi mmoja wakati wa kwenda ilichukua karibu miezi mitatu wakati wa kurudi. Kiseyeye kikawavimbisha mabaharia fizi, na watu 30 wakafa kabla ya kuiona pwani ya Afrika tarehe 2 Januari 1499. Waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, ikawabidi kuteketeza kimoja njiani. Kila mvuvi wa Malindi angaliweza kumwambia da Gama kwamba Oktoba si mwezi wa kuvuka kuja huku.

Kabla ya kuiacha Malindi, kuna jambo moja zaidi. Mfalme wake alitoa rubani kwa sababu alikuwa na haja yake. Je, ushauri wa mtu mwenye haja yake ni wa uongo? Hapana, ule ulikuwa wa kweli kabisa. Lakini yafaa msafiri ajue mwenyeji anatafuta nini, na yafaa vilevile mwenyeji aulize mgeni anakwenda kufanya nini. Mwaka 1505 Wareno walirudi na merikebu nyingi, wakaipiga Mombasa na kuiteketeza. Njia iliyoonyeshwa mara moja haifichiki tena.

Sasa tuiache bahari, twende bara. Katikati ya karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walitaka sana kujua kilichomo ndani ya Afrika Mashariki, na hasa chemchemi za mto Naili. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alikaa London na hakupata kukanyaga nchi zetu. Alimwuliza maswali mtu wa Pwani aliyekuwa amezuru Uingereza, Khamis bin Uthman. Akachanganya majibu yake na vitabu vya zamani vya Wareno, na mwaka 1845 akatangaza kwamba katikati ya bara kuna ziwa moja kubwa. Si vibaya kumwuliza Khamis. Kosa la Cooley ni kwamba, akiisha kupata jibu moja, hakutaka kusikia la pili.

Jibu la pili lilitoka mlimani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akienda nchi ya Wachaga, aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kiongozi alisema hakijui, lakini alidhani ni baridi. Jibu hilo ni dogo, lakini lina uaminifu mkubwa. Mtu wa Pwani hakuwa na neno la theluji, wala hakujitia kulijua. Alisema alichokijua: kule juu kuna baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akaelewa mara moja. Habari ilipofika London, Cooley aliikataa, akasema theluji karibu na ikweta ni ndoto. Mwaka 1862 Baron Carl Claus von der Decken na mwenziwe Otto Kersten walipanda sehemu kubwa ya mlima huo, wakaangukiwa na theluji yenyewe. Kiongozi asiyejua kitu alichokiona, lakini aliyesimama mbele yake, alikuwa mshauri bora kuliko mtaalamu aliyejua kila kitu akiwa mbali.

Kisha ikaja ramani iliyowashangaza watu wengi. Mwenziwe Rebmann, Jakob Erhardt, alikaa Tanga mwaka 1854, akawahoji watu wa misafara. Waliotoka pwani ya kaskazini walimwambia kwamba njia yao huishia kwenye maji makubwa. Waliopita Unyamwezi walimwambia hivyo hivyo. Waliotoka Kilwa nao wakasema hivyo hivyo. Erhardt na Rebmann wakaunganisha habari hizo, wakachora ziwa moja la ajabu, refu na nene, mfano wa koa mkubwa, lililoanza karibu na ikweta likashuka mpaka nchi za Nyasa. Ramani ilichapishwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856, na watu wakabishana juu yake.

Nani alidanganya? Hakuna. Kila mtu wa msafara alisema alichokiona kwa macho yake: njia yangu inaishia ziwani. Hakuna aliyesema, "Ziwa langu ndilo ziwa la yule." Neno hilo lilitiwa na msikilizaji. Liangalie sana jambo hili, msomaji, kwa maana ndilo kosa jepesi kuliko yote kufanywa na mtu mwerevu. Shahidi wakweli watatu, wakisikilizwa na mtu mwenye haraka ya kumaliza, wanaweza kuzaa uongo mmoja.

Aliyelifungua fumbo hilo hakuwa profesa. Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke, waliotumwa na chama cha jiografia cha London, walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu wa Oman, Snay bin Amir, aliyekaa bara kwa miaka mingi na kuzijua njia nyingi. Walipomwonyesha ramani ya koa, aliwaeleza kwamba wamisionari wameyaunganisha maziwa matatu kuwa moja: Nyasa kusini, ziwa la Ujiji magharibi, na ziwa la Ukerewe kaskazini, ambalo ni kubwa kuliko la Ujiji. Miaka mingi ya hoja za London ilikatwa barazani kwa mtu aliyeulizwa jambo lililokuwa kazi yake ya kila siku. Wageni wale walifika Ujiji Februari 1858, na tarehe 3 Agosti mwaka huo Speke, akiufuata mwelekeo aliopewa na Snay, aliliona ziwa la kaskazini, ambalo leo huitwa Viktoria.

Lakini hata mwenyeji mwema huweza kueleweka vibaya. Walipokuwa katika ziwa Tanganyika, Speke alivuka kwenda kumwona mfanyabiashara mwingine, Hamed bin Sulayyim. Alirudi na habari iliyomfurahisha sana Burton: upande wa kaskazini uko mto mkubwa, Rusizi, utokao ziwani. Kama ndivyo, huenda ndio Naili! Wakasafiri kwa mitumbwi mpaka Uvira, na huko, mwezi wa Aprili 1858, watoto wa mtawala wa nchi na watu wote waliosimama nao wakasema kwa kauli moja kwamba Rusizi haitoki ziwani, bali huingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani, akaeleza kwamba Hamed alikusudia kinyume cha vile Speke alivyoelewa. Kumbuka kwamba Speke alisema na Bombay kwa Kihindi, na Bombay akasema na Hamed kwa Kiswahili. Swali lilipita milango miwili kwenda na miwili kurudi, na kutoka kukawa kuingia. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda wakaangalia kwa macho yao: Rusizi huingia ziwani, kama watu wa Uvira walivyosema miaka 13 kabla yao.

Huyo Bombay anastahili kukumbukwa kwa heshima. Alizaliwa Myao, akauzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa Bara Hindi, na alipokuwa huru akarudi. Alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley alipomtafuta Livingstone, kisha na Cameron aliyelivuka bara mpaka pwani ya magharibi mwaka 1875. Majina ya mabwana hao yaliandikwa katika ramani. Jina la Bombay liliandikwa katika orodha ya mishahara, na mwaka 1876 chama kile cha London kikampa malipo ya uzeeni. Ukisoma katika kitabu kwamba fulani "aligundua" ziwa, jiulize kimya kimya ni nani aliyemwonyesha njia.

Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa Viktoria kwa mashua, akathibitisha kwamba ni ziwa moja, baada ya Burton na wengine kudai kwamba ni maziwa mengi madogo. Angalia jinsi makosa yanavyofanana: kwanza maziwa matatu yalifanywa moja na watu wasioyaona, kisha ziwa moja likafanywa mengi na watu wasioliona. Snay bin Amir alikwisha kuwasahihisha wote mwaka 1857, akiwa amekaa nyumbani kwake.

Basi, msomaji, siku moja nawe utafunga safari. Pengine utatoka Machakos kwenda Lamu, au Kisumu kwenda Tabora, kwa masomo au kwa kazi. Utakuwa na ramani nzuri kuliko zote walizokuwa nazo watu hawa, lakini bado utahitaji mtu. Mtafute aliyefika, tena aliyefika karibuni na katika msimu utakaokwenda wewe. Mwulize lile alilolifanya mwenyewe. Dereva umwulize njia, mama muuza chakula umwulize chakula. Uliza watu wawili wasiojuana, kisha ulinganishe. Wakitofautiana, usiwahi kusema kwamba mmoja ni mwongo, kwa maana huenda kila mmoja anazungumza habari za ziwa lake. Yarudie mbele ya mwenyeji yale uliyosikia, ili kama kutoka kumegeuka kuingia, akusahihishe kabla hujapanda mtumbwi. Jua atapata faida gani ukimfuata. Na zaidi ya yote mpe heshima yake, kwa sababu da Gama alithibitisha kwamba mijeledi haitoi habari za kuaminika.

Liko na upande wa pili. Nyumbani kwenu wewe ndiwe mwenyeji, na siku moja mgeni atakusimamisha njiani akuulize habari za mahali. Huenda safari yake nzima ikalitegemea jibu lako. Mweleze unalolijua. Na akikuuliza usilolijua, mkumbuke yule kiongozi chini ya Kilimanjaro, aliyetazama juu akasema kwamba hakijui kile cheupe, ila anadhani ni baridi.